Homa ya matumbo: Mgeni achanjwe, mwenyeji je?



Natoa maoni yangu juu ya homa ya matumbo, ambayo wengi tunaiita taifodi, na wasafiri wanaoingia na kutoka nchini.

Mdogo wangu anayeishi Uingereza alikuja likizo pamoja na wanawe wawili waliozaliwa huko. Kabla ya safari alishauriwa wachanjwe homa ya matumbo. Alijibu kuwa yeye anakwenda kwao, si mtalii. Walikaa kwetu wiki tatu, wakala tulichokula na kunywa tulichokunywa. Siku kumi baada ya kurudi, mtoto mdogo alishikwa na homa isiyoshuka. Alilazwa, na damu yake ilipooteshwa maabara ikaonekana ni homa ya matumbo. Namshukuru Mungu alipona, lakini jambo hili limenifikirisha sana.

Kwanza, wengi tunadhani chanjo isiyoulizwa mpakani haina maana. Kadi ya manjano huulizwa kwa sababu homa ya manjano imewekwa katika kanuni za afya za kimataifa. Homa ya matumbo haikuwekwa, basi msafiri huona kama haipo.

Pili, tunadhani mtu hawezi kuugua kwa maji ya kwao. Hili ni kosa. Huko Uingereza, wengi wanaopatikana na homa hii ni watu waliokwenda kutembelea jamaa zao, hasa India, Pakistan na Bangladesh. Mtalii hujihadhari na maji ya bomba na barafu. Lakini nani atamkatalia shangazi yake glasi ya maji? Na mtoto aliyezaliwa ng'ambo hana kinga yoyote ya kurithi kutoka kijijini kwa babu yake.

Chanjo ya wasafiri ni sindano moja, ichomwe walau wiki mbili kabla ya safari. Ile ya zamani hutolewa kuanzia umri wa miaka 2 na hurudiwa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Ipo mpya inayofaa hata mtoto wa miezi 6. Lakini hakuna chanjo inayokinga kabisa. Aliyechanjwa bado anapaswa kunywa maji yaliyochemshwa na kunawa mikono kwa sabuni.

Tatu, kuna suala la vipimo. Mimi mwenyewe, katika kliniki moja, nimeambiwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja kuwa nina taifodi, kwa kipimo cha tone la damu kilichotoa jibu muda ule ule. Kipimo kile hakimtafuti mdudu. Hutazama kinga iliyomo katika damu, na kinga hiyo yaweza kuwa imetokana na ugonjwa wa zamani au hata vijidudu vingine. Nilipewa dawa kali mara zote mbili. Dawa zikitumiwa ovyo, vijidudu huzizoea. Tangu mwaka 2016, jimbo la Sindh nchini Pakistan limesumbuliwa na homa ya matumbo isiyosikia dawa nyingi za kawaida, na wasafiri wameibeba hadi Uingereza na Marekani. Kwa hiyo uzembe wa kliniki ya mtaani ni hatari ya dunia nzima.

Sasa nije kwa mwenyeji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 9 waliugua homa hii na 110,000 wakafa. Wengi wao hawakuwa wasafiri. Walikuwa watu wa nyumba zisizo na maji safi wala vyoo bora, hasa watoto. Si haki mgeni wa wiki tatu akingwe, na mtoto anayeyanywa maji hayo mwaka mzima aachwe.

Wenzetu wamekwisha kuanza. Huko Blantyre, Malawi, chanjo mpya ilijaribiwa kwa watoto wapatao 28,000 na ikazuia takriban wagonjwa wanne katika kila watano. Malawi iliianza kwa watoto wake mwaka 2023, na Kenya ikaanza Julai 2025.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Wanaotoa kadi ya manjano wamweleze kila msafiri juu ya homa ya matumbo. Wahusika watueleze wananchi mpango wa chanjo hii kwa watoto wetu. Na kliniki zisimamiwe, ili mgonjwa asipewe dawa kwa kubahatisha.

Wazee wenzangu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, tulipokusanyika kuzunguka redio, kisha tukaenda kuchimba vyoo. Hatukumngoja mgeni aje kutuambia maji yetu ni machafu. Sindano ni msaada mzuri, lakini haichimbi choo wala haichemshi maji.

Mzee wa Nyumba Kumi,
Morogoro.