Msilisingizie Jua

Lori la mboga likichemsha hapa Marikiti, Barabara ya Digo, ushauri humiminika kutoka kila kibanda. Mwingi wake unaua injini.

"Ni jua la Mombasa." Si kweli. Hata Februari na Machi, joto letu la mchana huwa kama digrii 32 au 33. Maskati na Kuwait kiangazi huweza kupita 45, na malori yanafanya kazi. Jua huiumbua tu rejeta iliyoziba. Chungulia katikati ya mapezi yake: vumbi, makapi na oili iliyovuja vimegandamana. Upepo upite wapi? Pulizia kutoka upande wa feni kwenda nje. Ukipulizia kwa mbele unazidi kuudidimiza uchafu ndani.

"Toa thamostati, maji yatembee." Huu unaniudhi kuliko yote, maana hata mafundi huutoa. Katika dizeli nyingi thamostati ina kazi mbili: injini ikipata moto, hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na papo hapo huziba njia ya mkato. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupoa. Ukianza kupanda Mazeras na mzigo, utajua. Thamostati mpya ni rahisi mno kuliko silinda hedi iliyopinda.

"Maji ni maji." Visima vingi vya kisiwa hiki vina maji ya chumvi. Chumvi hula chuma, na chokaa hujenga ukoko ndani ya mirija, joto likakosa pa kutokea. Tia maji safi, nusu kwa nusu na kulanti. Na kulanti si ya nchi za baridi peke yake: huzuia kutu, na huyafanya maji yakawie kuchemka.

"Fungua kifuniko ipoe upesi." Hapa nawasihi, kwa kuwa anayetumwa kufungua ni utingo, mara nyingi kijana mdogo. Kifuniko hushikilia presha, hivyo maji huweza kupita digrii 100 yasichemke. Kikilegea tu, yanamrukia usoni pamoja na mvuke. Kama maji hayajamwagika, iache injini ingurume dakika chache bila kukanyaga mafuta. Mshale ukizidi kupanda, zima. Kisha subirini mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike bila kuunguza, ndipo kifuniko kizungushwe, polepole, kwa kitambaa kinene.