Busia na Tororo: Kiswahili chaishia mlangoni pa darasa la kompyuta

Baraza la mawaziri la Uganda lilipoamua, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, mjadala ulielekea kwenye uhaba wa walimu na vitabu. Katika miji ya mpakani ya Busia na Tororo, ambako lugha hiyo haikungoja agizo la serikali ili isikike sokoni, liko swali jingine: kijana anayeanza kozi ya chuo ya kuandika programu za kompyuta ataelezwa somo hilo kwa lugha gani?

Kwa sasa jibu ni Kiingereza, pande zote mbili za mpaka. Ndiyo lugha ya kufundishia katika Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 wilayani Busia na chenye tawi Nagongera, Tororo. Ndivyo ilivyo pia katika Chuo Kikuu cha Alupe, upande wa Kenya.

Wanaotetea hali hiyo husema kwamba lugha za programu zenyewe zimejengwa kwa maneno ya Kiingereza. Ni kweli, lakini maneno hayo ni machache. Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum na ambayo wanagenzi wengi huanzia, ina maneno maalumu 35 tu, kama vile "if" na "while". Kijana aliyekua akisema Kisamia au Ateso nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza shuleni hashindwi na maneno 35.

Kinachomshinda ni maelezo. Tuseme amepewa zoezi la kubadili shilingi za Kenya kuwa za Uganda, hesabu ambayo wabadilishaji fedha wa mpakani huifanya kwa kichwa. Kanuni anaijua, na Python inamruhusu kuviita vitu anavyohesabu "kiasi", "bei" na "jumla". Lakini akiacha nafasi mwanzoni mwa mstari pasipotakiwa, kompyuta humjibu "unexpected indent". Asiyelijua neno hilo la pili hudhani amekosea hesabu, akafuta mstari uliokuwa sahihi. Sentensi moja ya Kiswahili, "umeacha nafasi mahali pasipotakiwa," ingemaliza tatizo.

Ipo hoja nzito ya upande wa pili: mwandishi wa programu asiyesoma Kiingereza atafungiwa nje ya miongozo mingi na ajira nyingi. Hata hivyo, hoja hiyo inahusu mwisho wa safari. Wanaokata tamaa katika majuma ya kwanza si lazima wawe wasioweza kufikiri. Wamo ambao shule zao hazikuwapa Kiingereza cha kutosha, na kwa upande wa Uganda, kutafuta maelezo mtandaoni baada ya kipindi kuna gharama yake: tangu Julai 2021 vifurushi vya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12. Kenya nayo iliidhinisha mwaka 2022 mtaala wa uandishi wa programu kwa shule za msingi na sekondari. Si kila shule ina kompyuta, lakini pengo kati ya majirani hao wawili laweza kupanuka.

Kisingizio cha uhaba wa istilahi nacho kimechakaa. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ubishi wa wataalamu kati ya "kompyuta" na "tarakilishi" unaweza kuendelea bila kumchelewesha mwanafunzi. Neno "bodaboda" lenyewe lilizaliwa hapa mpakani, kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria, wala halikungoja kamati.

Kinachohitajika kwa kuanzia ni kidogo: kurasa chache zinazoeleza kwa Kiswahili makosa ya kawaida ya mwanagenzi, zigawiwe pamoja na zoezi la kwanza. Tatizo ni kwamba agizo la 2022 la somo la lazima liliishia sekondari. Mwanafunzi atakayesoma Kiswahili hadi kidato cha mwisho cha lazima ataingia chuoni akikuta hakuna aliyepewa jukumu la kukitumia.