Anayetaka Nyumba Safi Abebe Dumu

Ndoa imeshafungwa, halua inapita, ustadhi akaomba dakika tano za nasaha. Dakika tano za ustadhi kila mtu anazijua. Mwezi uliopita hapa Kibiti zilikaribia saa nzima, na karibu zote alizielekeza kwa bibi harusi, aliyekuwa ndani akisikiliza kwa kipaza sauti. Bwana harusi alisahauliwa pale pale kwenye kiti chake cha plastiki. Binti akaambiwa kwamba nyumba chafu haina sababu nyingine ila mke mvivu. Mke mwema, akaambiwa, huamka kabla ya adhana, akafagia, akaosha vyombo, akafua, na mume akifumbua macho akute nyumba inanukia udi. Wanaume chini ya turubai wakaitikia. Kilichoniuma zaidi ni vigelegele vya akina mama.

Nimechoka na maneno haya. Yako kwenye nikaha, yako kwenye unyago, yako redioni asubuhi, na sasa yamehamia kwenye simu, ambako watu nisiowajua hunitumia siri kumi za kuweka safi nyumba yenye watu wengi. Siri ya kwanza siku zote ni kuamka nusu saa kabla ya wengine. Ya pili ni kununua mashine ya kufyonza vumbi. Ukiipitisha mashine hiyo kwenye sakafu ya udongo utafyonza sakafu yenyewe mpaka ukutane na msingi.

Katika wote hawa, ustadhi na watu wa siri kumi, hakuna anayeuliza jambo la kwanza kabisa: maji yametoka wapi, na nani kayabeba?

Tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku, za kunywa, kupikia, kuoga na usafi. Tuchukue 50, tusionekane tunadeka. Nyumba ya watu wanane, ambayo kwetu ni nyumba ya kawaida tu, inahitaji lita 400. Dumu ni lita 20. Ni madumu 20 kila siku ya Mungu, na dumu moja likijaa ni kilo 20. Sasa huyo binti mwambie aamke mapema zaidi. Saa ngapi? Saa nane za usiku?

Na hapo nasema habari za Kibiti, penye barabara ya lami na vijana wa kuuza maji. Shuka Nyamisati, panda mashua, ingia delta ya Rufiji. Huko maji yamekuzunguka pande zote, hujaa na kupwa mbele ya mlango wako, na huwezi kufulia. Kiangazi chumvi inapanda na mto, visima vinakolea, na sabuni ukiisugua haitoi povu, inaganda kwenye nguo kama uji uliolala. Mama anayetaka maji baridi hupanda mtumbwi, akapiga kafi kwenda juu, akajaza, akasubiri maji yamruhusu kurudi. Huyo akirudi akakuta kundi la inzi kwenye sufuria la jana, nani ana uso wa kumwita mvivu?

Kuna mwenye uso huo. Ni yule aliyetoka kukata boriti au kuvua kamba, tope la mikokoni limempanda hadi magotini, jeusi, linanuka yai viza, na bado akakanyaga nalo mkeka ambao mkewe aliusuka kwa ukili wa mkono wake. Ndoo ya kunawia miguu ilikuwepo pale pale mlangoni. Kuinama ndiyo kazi.

Ukiwaambia haya, jibu lao ni moja, na huwa wanalitoa kwa kujiamini sana: mbona bibi zetu walizaa kumi na nyumba zao ziling'aa? Jamani. Bibi zenu walikaa bondeni, mto ukipita nyuma ya nyumba. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali ikawahamishia watu wa Rufiji nyanda za juu, kwenye vijiji vipya. Mto haukuhamishwa pamoja nao. Wakati wa bibi, mtu alitoka uani akachota, jicho moja likiwa kwenye ndoo na jingine kwa mamba, na kwa hakika wapo waliochukuliwa. Huo ndio ung'aavu tunaoutamani? Tena bibi alikuwa na wakewenza, wakwe, wajukuu na wapwa kwenye kiambo kimoja. Leo binti anapangiwa chumba na sebule Kibiti, yuko peke yake na mtoto mgongoni, halafu analinganishwa na kiambo kizima.

Wengine wanasema mwanamume hakuumbwa kwa kazi za ndani. Hawa ndio wananichekesha. Dobi wa mjini ni nani? Kwenye hilo hilo turubai la ustadhi, pilau ilipikwa na nani, kama si vijana wa kiume waliokesha na masufuria yenye upana wa mlango, na asubuhi wakayasugua kwa mchanga na majivu mpaka yakameta? Mashuka ya hoteli za Dar es Salaam yanatandikwa na nani? Na maji yenyewe: yakiwa ya kuuza, utamwona kijana amefunga madumu sita kwenye baiskeli, jasho linamtiririka, anapandisha nayo mlima. Maji yale yale yakiwa ya mama yake, ya bure, shingo inamuuma. Kumbe maumbile yanabadilika kwa shilingi.

Tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, akaagiza nchi nzima ifanye usafi, na yeye mwenyewe akatoka akazoa taka. Wanaume wenye vyeo wakagombania mafagio, wakapigwa picha. Hakuna aliyesema wamerogwa na wake zao. Kufagia barabara mbele ya kamera ni uzalendo, kufagia uani kwako ni kukaliwa. Mimi nilidhani vumbi ni vumbi.

Halafu, nikiwa na hasira zangu hizi hizi, niseme na hili. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na kwa muda tulipumua. Leo njugu, sukari, dagaa, barafu, kila kitu kiko ndani ya vile vifuko laini visivyo na jina, na upepo ukitoka sokoni unavigawa nyumba kwa nyumba bila upendeleo. Mama anafagia asubuhi, saa nne uani kumeota maua ya nailoni. Naye wifi ndipo anapobisha hodi. Mawifi wa Kirufiji nawaheshimu, lakini mgeni anayeanza kwa kufunua sufuria na kutazama chini kama kuna masizi, huyo si mgeni, ni mkaguzi, na mkaguzi tunampa fagio la chelewa aendelee na ukaguzi wake akiwa ameinama.

Nirudi kwa ustadhi, maana yeye alizungumza kwa jina la dini. Imamu Bukhari amepokea kwamba Bi Aisha aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na wakati wa sala ukifika alitoka kwenda kusali. Riwaya hiyo haihitaji mtu aliyesoma Madina kuifafanua. Ustadhi anaijua. Katika saa nzima ile hakupata nafasi ya kuitaja, ila alipata nafasi ya udi.

Sheria ya nchi nayo haiko upande wake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa sababu nyingine zilizomhusu, lakini kauli ilibaki. Mahakama ilishakubali kwamba ile ni kazi. Kwenye nasaha za harusi bado ni tabia njema.

Mnataka njia rahisi za usafi? Zipo, na hakuna hata moja inayoanza na kumwamsha mtu. Viatu vibaki nje. Aliyekula aoshe sahani yake, na mtoto wa kiume wa miaka minane ana mikono miwili, nimeihesabu. Kichanja cha vyombo ni fito na misumari, kazi ya alasiri moja, na vyombo havilali tena chini na kuku. Kibuyu chirizi mlangoni mwa choo ni dumu bovu, kamba na kijiti. Maji ya kusuuzia vyombo yanyunyiziwe uani kabla ya kufagia, vumbi lisipande likarudi kwenye vyombo vile vile.

Lakini njia kubwa kuliko zote iko juu ya kichwa chako. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati, ni lita moja ya maji. Paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 10: lita 400. Ni yale yale madumu 20, yameshuka yenyewe, hayana chumvi, hayana mamba, hayana foleni. Mwenye makuti nampa udhuru. Mwenye bati asiye na gata anamwaga madumu 20 ya mkewe kila mvua ya maana inaponyesha, kisha anaingia ndani, anapitisha kidole juu ya kabati na kuuliza hapa hapajafutwa tangu lini.

Bwana harusi wa mwezi uliopita amepanga nyumba ya bati, nimeiona. Vuli inaanza Oktoba. Gata, misumari na pipa vinauzwa hapa hapa Kibiti, na kama hana ngazi, waliobeba viti vya harusi yake hawakosi ya kumwazima.