Msikitwike Kiswahili Kosa la Mwandishi wa Filamu

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, kuna neno linalorudiwa mno siku hizi na watu wa filamu, nami nimechoka kulisikia bila ya kulijibu. Husema kwamba Kiswahili ni lugha ndefu, lugha ya nahau na mizunguko, na kwamba kwenye skrini hakikai. Kwa sababu hiyo, wanasema, mswada uandikwe kwanza kwa Kiingereza, kisha atafutwe mtu wa kuufasiri. Mtu huyo aghalabu hutafutwa siku chache kabla ya kuanza kupiga picha, wakati fedha zimekwisha na kila mtu ana haraka. Nayasema haya kwa ujuzi, maana mtu huyo nimekuwa mimi, tena mara mbili.

Mara ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Palikuwa na onyesho la mke na mume, usiku, ndoa imo ukingoni. Katika mswada wa Kiingereza mke anamwambia mumewe jambo ambalo mimi, kwa uaminifu wa mfasiri, nililiandika hivi: "Tunahitaji kuzungumza kuhusu sisi." Mwigizaji alikuwa mama mtu mzima aliyezoea jukwaa. Aliisoma sentensi ile mara mbili, akaiweka karatasi mapajani, akauliza: "Sisi kina nani?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa maneno yalikuwa yangu.

Itazameni sentensi hiyo. Sarufi yake haina ila, na mwalimu yeyote angeitia alama ya sahihi. Lakini hakuna mke wa Tanga, wala wa Lamu, wala wa Kariakoo, aliyewahi kuitamka usiku wa manane kwa mumewe. Mama yule aliomba ruhusa ajaribu kwa njia yake. Alivuta kiti, akakipangusa kwa upindo wa kanga, akasema: "Keti." Basi. Neno moja, silabi mbili, na mume akajua kwamba usiku huo hakuna kulala. Hiyo ndiyo lugha inayoambiwa kuwa ni ndefu!

Nakiri jambo moja. Kiswahili kilichofasiriwa huwa kirefu kweli. Watu wa kazi hii wana kanuni ya kukadiria kwamba ukurasa mmoja wa mswada ni takriban dakika moja ya filamu, na mswada wa kurasa 90 ukifasiriwa hurudi umevimba. Mtayarishaji huhesabu kurasa, akashtuka, akailaumu lugha. Asichokijua ni kwamba maneno yetu ni marefu kwa herufi, lakini neno moja hubeba sentensi nzima: "Hajanisamehe" ni neno moja, na ndani yake wamo watu wawili, kosa, muda uliopita na mlango ambao bado haujafungwa. Uvimbe wa mswada haukutoka humo. Umetoka kwenye "niko hapa kwa ajili yako", "unajua nini?", "hii haihusu wewe, inahusu mimi", na mengine ya ukoo huo, ambayo ni Kiingereza kilichovishwa kanzu.

Hata hivyo, wapo wanaoandika kwa Kiswahili tangu neno la kwanza na bado mswada unawafia mkononi. Hapa kosa liko kwenye kitenzi, na ajabu yangu ni kwamba silisikii likisemwa.

Chukua maelezo haya, ambayo nimeyatunga kwa mfano wa mengi niliyoyasoma: "Mzee Salim huamka mapema kila siku, hupenda kahawa chungu, na tangu afiwe na mkewe hana hamu ya dunia." Ni sentensi nzuri ya riwaya. Kwa kamera haina kitu. Kiambishi "hu-" ni cha mazoea, na mazoea hayapigiki picha. Kamera inaijua asubuhi hii moja tu. "Tangu afiwe" haionekani, na "hana hamu" haisikiki. Mwandishi amemaliza wino, na mpigapicha amesimama na kifaa chake hana pa kukielekeza. Mwandishi aliyeielewa kazi yake angeandika: "Uani, asubuhi. Mzee Salim anafua doti ya kanga. Anaianika kambani, anakaa chini yake, anakunywa kahawa. Mlangoni pana jozi moja tu ya makubadhi, ya kiume." Mtazamaji atamfiwisha mzee mwenyewe, wala hatahitaji kuambiwa.

Hatari nyingine ni "-ka-". Sote tulilelewa na "Hadithi! Hadithi!", na tukishika kalamu tu mkono unaanza: akainuka, akaenda dirishani, akakumbuka maneno ya mamake. "-ka-" ni mdundo wa msimulizi, humchukua msikilizaji kwa mkono na kumwongoza. Katika mswada hakuna msimulizi. Kuna jambo linalotendeka mbele yetu sasa hivi, na wakati wake ni "-na-", au ile "-a-" ya zamani ambayo washairi bado tunaithamini: Salim ainuka, aenda dirishani. Mimi naipendelea hii ya pili kwa ufupi wake, ingawa nimeshaambiwa kwamba inanuka magazeti ya babu zetu. Na hilo "akakumbuka" lifutwe kabisa. Mtu akikumbuka hufanya nini kwa uso, kwa mikono? Andika hicho.

Tena kuna kiambishi cha nafsi. Kiswahili hakibagui mume na mke katika "a-" na "m-", na katika shairi utata huo ni hazina. Wangapi kati yetu hatujafaidi "nampenda" isiyosema ni nani apendwaye? Lakini weka watu watatu chumbani na uandike "Anamtazama. Anamwogopa. Anampa barua." Nimekaa kwenye kikao ambacho mwongozaji na mwigizaji walibishana hadi chai ikapoa, nani alimpa nani barua, na mwandishi mwenyewe aliyekuwapo hakuwa na hakika. Taja jina. Litaje tena. Mswada si mahali pa kuogopa takriri.

Kuhusu wahusika wanaoelezana wanayoyajua sitasema mengi. Dada amwambiaye dada yake, "Wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja, na tangu baba yetu afariki miaka 5 iliyopita umekuwa ukiishi na shangazi", hazungumzi na dada yake bali anatuhutubia sisi, na sisi hatukumwomba.

Salamu, hata hivyo, zinanidai nikae. Waandishi wetu wana makosa mawili yanayokabiliana. Wengine huandika salamu zote, hujambo, habari za nyumbani, watoto, kazi, mpaka dakika mbili zimekwenda na hakuna lililotokea. Wengine, kwa kuiga filamu za Marekani, hukata salamu zote, kijana akaingia kwa mkwewe na kuanza mada kana kwamba yuko kituo cha polisi. Wote wameikosa dhahabu iliyolala miguuni mwao. Kwetu salamu ni uwanja wa vita. Kijana asemapo "shikamoo" na mzee akachelewa kuitikia "marahaba", hapo pana onyesho zima. Mwanamke aliyezoea kumwita mtu "mjomba" akimwita leo kwa jina lake, tumejua kwamba ukoo umevunjika. Bila hotuba, bila machozi, bila ya ule muziki wa huzuni unaoanza kabla hata ya habari yenyewe.

Sasa niwageukie washairi, maana tusijifanye watakatifu. Tukiombwa kuandika mswada tunaleta diwani. Kila mhusika, awe mvuvi au mwizi wa simu, anasema kwa vina na methali, na wote wana sauti moja, sauti yetu. Tunajitetea kwa kumtaja Ebrahim Hussein na Penina Muhando, tukisahau kwamba hao waliandika kwa ajili ya jukwaa, ambako mtazamaji yuko mbali na sikio hutangulia jicho. Kamera imesimama shubiri moja kutoka usoni. Yenye kutosha jukwaani kwa kurasa mbili, hapa hutoshwa na kope.

Na wale kati yetu wanaoudhika wakisikia Sheng kwenye skrini, nawaomba waitazame tena *Nairobi Half Life* ya mwaka 2012. Wahusika wake wanachanganya Kiswahili cha mjini, Kikikuyu na Kiingereza, na tunawaamini kwa sababu hiyo. Wapeni wezi wale Kiswahili sanifu na filamu itakuwa tangazo la serikali. Kwa upande mwingine, *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inatupeleka Zanzibar ya miaka ya 1950, na huko kilichotakiwa kilikuwa Kiswahili cha Zanzibar. Filamu hiyo ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021 ikiwa na Kiswahili chake kinywani. Hakuna aliyeizuia mlangoni kwa sababu ya urefu wa lugha.

Washairi tuna kitu kimoja ambacho waandishi wa mswada wangefaa kutuazima, nacho ni mizani. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane na nane, na pale katikati mghani anavuta pumzi. Nimejizoeza kuyahesabu mazungumzo ya filamu vivyo hivyo, kwa kidole juu ya meza. Sentensi ikipita 16 bila ya pumziko huishuku. Naisoma kwa sauti, na mara nyingi naikuta ina "kwamba" mbili na "kuhusu" moja, yaani imetoka ng'ambo.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu tena. Mswada wa Kiingereza, siku 10 za kuufasiri, malipo yale yale. Nilimjibu mtayarishaji kwamba sitaki karatasi. Mwandishi na anijie nyumbani, aketi, anisimulie kisa chake chote kwa Kiswahili kwa mdomo wake, nami nitaandika nilichokisikia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba mwandishi mwenyewe angeona tabu kidogo kufanya hivyo, kwa kuwa kisa amekifikiria kwa Kiingereza. Ni kijana wa Temeke. Nimemwambia mlango uko wazi, na bado namngoja.