Iamshe Kompyuta, Mwache Bibi Alale



Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja mwalimu. Kompyuta yake kubwa yenye kazi zote za shule imewekwa katika chumba anacholala mama mkwe wake, ambaye anaugua shinikizo la damu. Watoto wakishalala, yeye huketi sebuleni na kompyuta mpakato, akafungua mafaili yaliyomo katika ile kubwa kupitia mtandao wa nyumbani. Ili asiingie chumbani usiku kuiwasha, huiacha inawaka kutwa kucha. Baba watoto analalamika kuwa LUKU inakwisha upesi. Akiizima, mkwe anashtuka usingizini pale inapokwenda kuwashwa. Mama huyu anauliza: amsikilize nani?

Jibu letu ni kwamba wote wawili wana haki. Kompyuta inayotumia wati 60, ikiwaka saa 24, hula karibu yuniti moja na nusu kwa siku, yaani 43 kwa mwezi. Ikilazwa na kutumia wati 3 tu, mwezi mzima haifikishi yuniti 3. Na sisi wauguzi tunajua kwamba usingizi wa mzee ni mwepesi. Mzee anayemeza dawa za presha akiinuka ghafla gizani, anaweza kupata kizunguzungu akaanguka, na nyonga ikivunjika ni msiba wa nyumba nzima.

Dawa ipo, nayo si ngeni. Mwaka 1995 makampuni ya AMD na Hewlett-Packard yalileta njia ya kuamsha kompyuta iliyolala kwa ujumbe wa mtandao, na mwaka 1997 Intel na IBM wakaitangaza kwa jina la Wake on LAN. Ilikusudiwa mafundi wa maofisi, wahudumie kompyuta usiku bila kuzunguka vyumba vyote.

Kompyuta ikilala, kadi yake ya mtandao hubaki na umeme kidogo, inasikiliza. Kila kadi ina anwani yake yenye tarakimu na herufi 12. Ujumbe wa kuamsha huirudia anwani hiyo mara 16. Mashine zote za nyumbani hufikiwa na ujumbe huo, lakini huamka ile iliyotajwa tu. Mtoto Samweli naye aliitwa usiku kwa jina lake, ila yeye alimkimbilia mzee Eli mara tatu. Kompyuta haitamsumbua bibi hivyo.

Fanyeni hivi. Unganisheni kompyuta kubwa na ruta kwa waya, maana bila waya mara nyingi haiamki. Mwombeni fundi, au kijana wa kwaya anayejua kompyuta, aruhusu Wake on LAN katika mipangilio ya mwanzo ya mashine na katika ile ya kadi ya mtandao. Aandike anwani ya kadi, kisha atengeneze programu fupi ya mistari michache, kwa Python kwa mfano, na kuiweka kwenye kompyuta mpakato. Mama ataibonyeza, atangoje kidogo, kisha afungue mafaili yake. Kompyuta kubwa ipangwe ilale yenyewe ikikaa bila kazi, na skrini yake izimwe kwa kitufe chake ili isimulike chumbani.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Umeme ukikatika, baadhi ya mashine hazisikii tena mpaka ziwashwe kwa mkono. Basi afanye hivyo mchana. Pili, ujumbe huu hauna siri. Yeyote aliye katika mtandao wa nyumbani, akiijua anwani, anaweza kuiamsha mashine. Kwa hiyo kompyuta iwe na neno la siri, na mgeni asipewe ovyo neno la siri la ruta. Kuamshwa ni jambo moja, kufunguliwa ni jingine.

Lakini la kwanza kabisa, dada, zungumza na mama mkwe. Mashine ikianza kunguruma yenyewe usiku wa manane, bibi asije akadhani kuna mambo ya kishirikina chumbani mwake! Ijaribuni mchana yeye akiwa ameketi hapo, aone na asikie. Akisema mngurumo wenyewe unamwamsha, kompyuta ihamishwe. Usingizi wake utangulie kazi zetu.

Baba watoto naye aonyeshwe hesabu ya yuniti mwisho wa mwezi. Nyumba nyingi zimeingia ugomvi kwa sababu kila mtu alinung'unika pembeni, wala hawakuketi pamoja kutafuta njia.

Bwana awape usingizi mtamu, ninyi na wazee wenu. Amina.