Nimonia Haingoji Sahihi

Vijana wenzetu, na nyinyi wa mashirika, tusikilizeni. Usiku hapa Kanama ni baridi kweli. Mtoto akianza kuhema, tunambeba mbio, halafu tunaambiwa eti, "Ngojeni asubuhi, mwenye kusaini transferi ya hospitali hayupo."

Sasa nimonia nayo ingoje? Mtoto wa miaka 2 mwenye kikohozi, akiwa ametulia, akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika moja, hiyo ni dalili ya nimonia. Sisi wa kujitolea tunaweza kuhesabu, simu zetu ziko na saa. Lakini kusaini hatuwezi.

Hatuombi hospitali mpya. Tunaomba mtu mmoja wa kusaini usiku. Masisi na Rutshuru tulikimbia risasi na watoto mgongoni. Wasitufie hapa kwa kukosa kalamu.