Kidani cha Mathilde

Tangu nianze kuifasiri "La Parure", hadithi ya Guy de Maupassant iliyotoka mwaka 1884, kila ninayemsomea hunijibu kwa methali ile ile: tamaa mbele, mauti nyuma. Kisha hutikisa kichwa, na lawama zote humshukia mwanamke. Siikubali hukumu hiyo. Ni ya kivivu.

Mathilde alitamani makuu, hilo halina ubishi. Mumewe, karani wa wizara ya elimu, alitoa faranga 400 alizojiwekea za kununulia bunduki ili mke ashone nguo ya dhifa; na bado mke akalia kwamba hana pambo. Akaazima kidani cha almasi kwa shoga yake, Bi Forestier. Akacheza mpaka alfajiri, kikapotea. Hadi hapo mimi naona fedheha ya siku moja, sioni maangamizi.

Ni mume, si mke, aliyetoa shauri la kumwandikia mwenye mali kuwa kishikizo kimevunjika na kimepelekwa kutengenezwa. Wakanunua kingine kwa faranga 36,000: nusu urithi wa mume, nusu mikopo, mingine ya riba ya kukaba roho. Miaka 10 ya kusugua masufuria, kupandisha maji ghorofani na kuvutana bei na wauza mboga, yote kwa kuficha neno moja: kimepotea. Lau wangalilitamka, wangaliambiwa mapema kuwa kidani kilikuwa cha bandia, thamani yake haizidi faranga 500. Kiburi kilichowaua kilikuwa cha wawili, na mwalimu amwambiaye mwanafunzi kuwa hadithi hii ni onyo kwa wasichana hakuisoma barua ile.

Nasema haya kwa watu wanaoazimana dhahabu kila arusi, nami simo nje yao. Niliolea joho la kuazima, na cheche ya chetezo ikalitoboa. Siku tatu nilizunguka kwa mafundi kutafuta zari ya kufanana, tayari kukopa kuliko kwenda kusema. Mke wangu, bibi arusi wa siku tatu, ndiye aliyelikunja akalipeleka kwa mwenyewe. Mzee akalitazama tundu, akacheka, akamwonyesha jingine karibu na ukosi: la arusi yake.